Kidogo Kisichokatika
Mazungumzo mbele ya vijana na wazazi, Buruburu, Nairobi



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.T.) na kumtakia rehema Mtume wetu (S.A.W.), nina neno moja juu ya ukurasa wa vijana tunaotaka kuanza kuuandika. Kuanza si kazi. Ramadhan kila mtu ana hamu: huyu ataka kurasa kumi, yule kumi na tano. Idi ikipita, twarudi kwa mitihani, vibarua na foleni za Jogoo Road, na kalamu zanyamaza. Sasa wadogo zetu wanaotutazama watajifunza nini? Kwamba dini na elimu ni mambo ya mwezi mmoja!

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Mfano tunao hapa hapa Kenya. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza mwaka 1930 na Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aliandika makala fupi juu ya mambo ya watu wake: elimu, israfu, kuiga mambo ya Wazungu. Mwaka 1932 likafuata gazeti lake la Al-Islah. Na mwaka 1944 makala za Sahifa zikatoka kuwa kitabu, Uwongozi. Kitabu hicho kilijengeka karatasi kwa karatasi.

Basi na sisi tufanye hivi. Kwanza, ukurasa mmoja tu, kila Ijumaa. Pili, tusitoe wa kwanza mpaka tuwe na makala 4 mkononi, ili mitihani isitukate. Tatu, tuandike wawili wawili. Mmoja akiugua, mwenzake ashike kalamu. Nne, miezi ya mwanzo tusihesabu wasomaji, tuhesabu Ijumaa ambazo hatukukosa. Na tukikosa moja, tuendelee Ijumaa ifuatayo, tusingoje Ramadhan nyingine.

Nanyi wazazi wetu, tuulizeni kila wiki, “Ukurasa uko wapi?” Swali hilo litatusaidia kuliko sifa.

Haba na haba hujaza kibaba. Allah atujaalie kudumu katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.