Saa Moja Ndani ya Mawingu ya Mshtarii

Leo tunarudi nyuma hadi tarehe 7 Desemba 1995, lakini kwa umbali tunakwenda mbali mno: Mshtarii, au Jupita kama wengi wanavyoiita, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua. Ile mistari ya rangi ya maziwa na ya hudhurungi inayoonekana kwa darubini ni mawingu. Ardhi ya kukanyaga huko hamna. Kuna hidrojeni na heli, zinazozidi kushindiliwa kadiri unavyoshuka.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuyapanga mawingu hayo kwa hesabu. Juu kabisa utusitusi mwembamba. Chini yake mawingu ya barafu ya amonia. Kisha mawingu ya amonia iliyochanganyika na salfa. Na chini zaidi mawingu mazito ya maji. Mpango ulipendeza, ila hakuna chombo kilichowahi kuingia mle kuuhakiki.

Marekani ikapeleka chombo kiitwacho Galileo, kikiwa kimebeba kingine kidogo cha kilo 339, kilichoachiliwa Julai 1995 kikaenda peke yake miezi mitano. Kiliingia kwa kasi ya kilomita 47 kwa sekunde. Ngao yake ikaungua hata nusu yake hivi ikayeyuka, na breki ile ikakifanya kielemewe na uzito zaidi ya mara 200 ya wa kawaida. Parachuti ikafunguka, lakini kwa kuchelewa sekunde 53, na kwa mwendo ule sekunde 53 si kidogo: sehemu ya juu ya mawingu ikapita bila kupimwa.

Kisha kikaanza kutangaza. Ndiyo, msikilizaji, kwa redio, na matangazo yalidumu dakika 58 tu. Mawimbi yalihitaji dakika 52 hivi kufika duniani, kwa hiyo neno la kwanza lilipotufikia, chombo chenyewe kilikuwa kimebakiza dakika chache za uhai. Kikanyamaza kilomita 150 hivi ndani, kwenye joto la nyuzi 150 na ushei, kikibanwa na kanieneo mara 22 ya ile ya pwani yetu.

Upepo ulipimwaje? Kwa redio hiyohiyo. Masafa ya kutangazia yalijulikana. Upepo ukikisogeza chombo kuelekea kwa anayesikiliza, masafa hupanda kidogo. Ukikipeleka mbali, hushuka. Galileo ilikuwa ikisikiliza kutoka juu, na hata antena kubwa za New Mexico na Australia ziliunasa mnong'ono ule moja kwa moja. Wengi walidhani upepo wa Mshtarii unaendeshwa na jua, hivyo ungefifia huko chini lisikofika. Haukufifia. Uliongezeka hadi kupita kilomita 600 kwa saa, ukabaki hivyohivyo mpaka mwisho. Dalili ikawa kwamba nguvu yake inatoka ndani, kwenye joto la sayari yenyewe, ambayo hutoa joto jingi kuliko inalopokea kutoka kwenye jua.

Mawingu ndiyo yaliyowavuruga watu vichwa. Chombo kilikuwa na taa ya leza ya kumulika chembe za ukungu, nayo ikaona utando mwembamba mmoja na vijitando hafifu. Wingu zito la maji halikuonekana, na mvuke ulikuwa haba. Je, hesabu zote za miaka zilikuwa bure?

Hapana. Darubini za duniani zilionyesha kuwa chombo kilikuwa kimeangukia kwenye tundu la mawingu, mahali ambapo hewa kavu hushuka kutoka juu, na matundu hayo ni machache. Ni kama mgeni kutoka sayari nyingine ashukie jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, aandike nyumbani kwamba dunia haina maji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye utamu wa historia hii: vipimo vyote vilikuwa sahihi, mahali ndipo palipokuwa pa ajabu.

Jibu la maji lilisubiri chombo cha Juno, kilichofika Mshtarii Julai 2016. Hiki hakikutumbukia, kilizunguka kikisikiliza mawimbi ya redio yanayotoka chini ya mawingu. Mwaka 2020 wataalamu wakatangaza kwamba karibu na ikweta, maji ni kama asilimia 0.25 ya molekuli za anga lile, zaidi ya maradufu ya kiasi alichokikuta chombo kile kidogo. Na ule upepo? Nguvu ya uvutano ya sayari ilipochunguzwa, ilibainika kwamba mikondo yake inashuka kilomita zipatazo 3,000.