Kipimo cha Tezi kwa Mwenye Pumu

Leo nazungumza na wenye pumu pamoja na wanaowauguza, kuhusu karatasi moja ya maabara ambayo huwatia watu hofu pasipo na sababu, na mara nyengine hupuuzwa sababu ikiwapo. Ni majibu ya kipimo cha thairoidi, ile tezi ndogo iliyokaa mbele ya shingo, chini ya kongomeo.

Tezi hii hutoa homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, tumbo, joto, hata usingizi. Yenyewe huongozwa na tezi nyengine iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, ambayo hutuma homoni ya TSH. Homoni za thairoidi zikipungua kwenye damu, TSH hupanda ili kuihimiza tezi. Zikizidi, TSH hushuka. Maabara nyingi huihesabu TSH ya mtu mzima kuwa sawa ikiwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Basi ikitoka chini ya hapo, mtu huambiwa tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Kwa mwenye pumu, nawaomba msikimbilie huko.

Sisi huku Changamwe tunapumua moshi wa malori yanayoingia na kutoka bandarini usiku na mchana, na vumbi lake. Kifua kikibana, mgonjwa hupelekwa hospitali, akavutishwa dawa kwa mashine, akadungwa haidrokotisoni au akapewa vidonge vya prednisoloni vya siku kadhaa. Dawa hizo huokoa maisha, na asizikatae mtu. Lakini haidrokotisoni na prednisoloni kwa dozi kubwa huizuia pituitari kutoa TSH, na hupunguza ile homoni ya thairoidi yenye nguvu zaidi, T3. Maradhi makali nayo peke yake huweza kufanya hivyo hivyo. Kwa hivyo damu iliyotolewa mgonjwa akiwa bado kitandani anahema inaweza kuonyesha TSH ya chini, na tezi yake ni nzima kabisa. Kama T4, homoni nyengine ya tezi hiyo, haikupanda na hakuna dalili nyengine, daktari kwa kawaida husubiri mgonjwa apone, kisha hurudia kipimo baada ya wiki 6 hivi. Kusubiri huko si uzembe. Ni sehemu ya matibabu.

Anayemeza vidonge vya kukuza nywele na kucha pia amwambie daktari. Vingi vina vitamini ya biotini, ambayo huvuruga baadhi ya mashine za maabara zikaandika TSH ya chini na T4 ya juu ambazo hazimo kwenye damu.

Dalili nazo hufanana. Aliyevuta inhela ya buluu, ile ya salbutamoli, mara nyingi hutetemeka mikono na moyo humwenda mbio. Mwenye thairoidi iliyozidi ana hayo hayo, pamoja na wasiwasi na kukosa usingizi. Tofauti ni kwamba mtetemeko wa inhela hupungua baada ya saa chache. Wa tezi haukomi, na huja na dalili nyengine: mtu anakula vizuri na bado anakonda, hawezi joto wakati wenziwe wametulia, anakwenda choo mara nyingi, pengine macho yametokeza. Mtu kama huyo asiambiwe ni dawa ya pumu tu. Apimwe TSH na T4 pamoja.

Tena thairoidi ikizidi kweli, pumu huwa ngumu kuituliza. Mwili huhitaji hewa zaidi, na huziondoa dawa za prednisoloni na theofilini haraka kuliko kawaida, hivyo dawa ile ile iliyomfaa mwaka jana sasa haimfai. Tezi ikitibiwa, kifua nacho mara nyingi hupata nafuu. Hapo anayemeza theofilini arudi akapangiwe dozi upya, kwa sababu sasa itakaa mwilini muda mrefu zaidi na inaweza kumdhuru.

Sasa nisikilizeni vizuri kwa hili. Dawa inayopewa watu wengi kutuliza moyo unaokwenda mbio kwa sababu ya tezi ni propranololi. Ni vidonge vya bei nafuu, na jirani mwenye presha anaweza kuwa navyo kabatini. Kwa mwenye pumu, propranololi hubana njia za hewa, na huifunga milango ile ile ambayo salbutamoli hupitia kufanya kazi. Mtu anaweza kubanwa kifua, akavuta inhela mara kwa mara, na isimsaidie. Watu wamekufa hivyo. Ukiambiwa tezi imezidi, sema kwa sauti, kwa daktari na kwa muuzaji wa kemisti, kwamba una pumu, hata kama hujashikwa miaka mingi. Zipo njia nyengine za kuutuliza moyo, na dawa ya tezi yenyewe, kabimazoli, haibani kifua.

Kuna pia wanaotibiwa pumu na hawana pumu. Rovu, yaani uvimbe wa tezi hii, likikua, hasa likiteremka nyuma ya mfupa wa kifua ambako jicho halifiki, hukandamiza koo la hewa. Pumu kwa kawaida hulia mluzi zaidi mtu anapotoa pumzi. Koo lililokandamizwa hukoroma zaidi anapovuta ndani, na huzidi akilala chali au akiinua mikono juu ya kichwa. Inhela haimpi nafuu ya maana. Mwenye dalili hizi aombe shingo yake ishikwe na kuangaliwa huku akimeza maji, na kifua kipigwe picha. Akianza kushindwa kumeza, au kukoroma akiwa ameketi tu, asingoje siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.