Silinda Moja Isipowaka, Chama Kizima Hulipa
Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Gari la chama ni mali ya kila mwanachama. Likitetemeka na kukosa nguvu mlimani, hali limebeba mazao yetu, hasara ni yetu sote.

Katika chama kimoja nilichokitumikia, pikapu ya petroli iliugua hivyo. Tulinunua plagi nne, kisha pampu ya petroli; ugonjwa ukabaki pale pale. Mwishowe ilionekana kwamba koili moja tu ndiyo iliyokufa. Nilikwisha kutia sahihi hati mbili za malipo bila kuuliza: ni silinda ipi isiyowaka?

Silinda huhitaji mambo matatu: cheche, mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, na mgandamizo. Moja likikosekana, haiwaki.

Gari likiwa na koili kwa kila silinda, fundi na aanze hivi. Injini ikinguruma taratibu, achomoe soketi ya koili moja, asikilize, airudishe, kisha aende kwa nyingine. Mngurumo ukidhoofika, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, mgonjwa ndiye huyo. Koili yenyewe asiing'oe injini ikiwa inazunguka, kwani umeme wake hupita volti 10,000.

Kisha azime injini, abadilishane koili hiyo na ya silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, koili ni mbovu. Usipohama, injini ikisha kupoa, afanye vivyo hivyo kwa plagi. Plagi njema huwa na rangi ya kahawia hafifu. Masizi makavu huonyesha petroli imezidi. Oili huonyesha uchakavu wa ndani.

Hivyo vikiwa vizima, achunguze nozeli na kupima mgandamizo. Ukiwa mdogo, atie kijiko cha oili katika silinda, apime tena. Ukipanda, ringi za pistoni zimechakaa; usipopanda, atazame vali na gasketi.

Wala gari lisiendelee kusafiri katika hali hiyo, maana petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda na kuzila.

Ndugu makatibu, msiidhinishe kipuri kabla fundi hajaandika katika daftari la gari ni silinda ipi na amejuaje. Na kipuri cha zamani kirudishwe ofisini.