Kifungu Kimoja Kilichobakiza Utumwa

Hotuba mbele ya waumini na wapigania mageuzi



Tumeombwa tuzungumze juu ya gereza, rangi ya ngozi na madaraka ya siasa. Tumechagua kuyatazama mambo hayo katika nchi ya Marekani, maana huko yameandikwa ndani ya katiba yenyewe, kwa maneno ambayo kila mtu anaweza kuyasoma. Swali letu ni hili: imekuwaje watu waliotoka utumwani, wakapata kura, wakapata wabunge, maseneta, mameya na hatimaye rais, wasiweze kwa zaidi ya miaka 150 kuiondoa kazi ya shuruti iliyoachwa gerezani? Jibu lake lina mafunzo kwa kila taifa linalodai mageuzi, na letu limo.

Tuanze na sheria. Tarehe 6 Desemba 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua mamia ya maelfu ya watu, Marekani iliidhinisha Marekebisho ya Kumi na Tatu ya katiba yake. Marekebisho hayo yanapiga marufuku utumwa na utumishi wa kulazimishwa, isipokuwa unapotolewa kama adhabu kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Lishikeni neno hilo "isipokuwa". Mabwana waliokuwa wamepoteza watumwa wao walilisoma kwa makini kuliko mtu yeyote mwingine. Walitambua kwamba mtu mweusi hawezi tena kununuliwa sokoni, lakini anaweza kupatikana mahakamani.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumfanya awe mkosaji. Mwaka huo huo wa 1865 na mwaka uliofuata, majimbo ya kusini yalitunga sheria zilizoitwa Sheria za Weusi. Huko Mississippi, mtu mweusi aliyeshindwa kuonyesha hati ya kuthibitisha kwamba ameajiriwa aliweza kushtakiwa kwa uzururaji, akatozwa faini, na asipokuwa na fedha akatolewa kwa yeyote atakayemlipia, ili amfanyie kazi. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni wanaifahamu vizuri hesabu hiyo. Mwaka 1876 Mississippi ikaongeza sheria nyingine: kuiba mnyama wa kufugwa, hata nguruwe mmoja, kukawa kosa kubwa la kumpeleka mtu gerezani kwa miaka hadi mitano.

Ndugu zetu, msidhani kwamba watu weusi walikaa kimya wakitazama. Tangu mwaka 1867 walipoanza kupiga kura kusini, walichagua viongozi wao kwa mamia. Mwaka 1870 Hiram Revels, mchungaji wa kanisa, aliingia katika Baraza la Seneti kutoka Mississippi, mtu mweusi wa kwanza kufika hapo. Katika South Carolina wajumbe weusi walikuwa ndio wengi katika baraza la chini la bunge la jimbo. Hayo yalikuwa madaraka ya kweli. Yalifungua shule za umma mahali ambapo kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa la jinai.

Lakini hebu tuutazame mwaka 1868 katika jimbo la Georgia, maana ndani ya mwaka huo mmoja habari yetu yote imo. Mwezi wa Mei, serikali ya muda ya kijeshi ilikodisha wafungwa 100 weusi kwa mjenzi wa reli, kwa muda wa mwaka mmoja na kwa bei ya dola 2,500. Mwezi wa Septemba, bunge la jimbo hilo likawafukuza wajumbe wake weusi, kwa hoja kwamba sheria ilimpa mtu mweusi haki ya kuchagua, haikumpa haki ya kuchaguliwa. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo mhubiri Henry McNeal Turner, ambaye baadaye alikuwa askofu. Alisimama mbele ya wenzake akakataa kuomba haki yake kama mtu aombaye sadaka. Waliofukuzwa walirudishwa mwaka 1870 kwa nguvu za serikali kuu, lakini biashara ya wafungwa iliendelea kukua. Majeshi ya serikali kuu yalipoacha kuwalinda weusi mwaka 1877, viti vilichukuliwa kimoja kimoja, kwa bunduki na kwa hila. Georgia haikuacha kuwakodisha wafungwa hadi mwaka 1908.

Kwa nini biashara hiyo ilidumu? Kwa sababu ililipa. Jimbo halikulisha wafungwa, halikujenga magereza, na bado lilipokea fedha. Katika Alabama, mwaka 1898, takriban asilimia 73 ya mapato ya jimbo yalitokana na kukodisha wafungwa. Mwenye mgodi naye alipata vibarua wasioweza kugoma wala kuondoka. Tena huyu alikuwa na sababu ndogo ya kuwaonea huruma kuliko bwana wa zamani, maana bwana wa zamani alipoteza mali mtumwa alipokufa, lakini mwenye mgodi aliletewa mfungwa mwingine. Mwezi wa Aprili mwaka 1911 mgodi wa makaa ya mawe wa Banner, karibu na Birmingham, ulilipuka na kuua watu 128. Karibu wote walikuwa wafungwa waliokodishwa, na wengi wao weusi, baadhi yao wakiwa wamefungwa kwa makosa madogo madogo. Alabama ilikuwa ya mwisho kuiacha biashara hiyo, mwaka 1928. Mwaka 2018, huko Sugar Land katika jimbo la Texas, wajenzi wa shule walifukua makaburi yasiyo na alama ya watu 95 waliokufa katika kazi za namna hiyo.

Tusidanganyike kwamba ukodishaji ulipokoma, kazi ya shuruti ilikoma. Ilihamishwa tu kutoka kwa tajiri hadi kwa serikali yenyewe. Gereza la Angola, katika Louisiana, lilikuwa shamba la watumwa, na jina lake latokana na nchi ya Afrika ambako inasemekana watumwa wa hapo walitoka. Jimbo lilichukua usimamizi wake mwaka 1901. Eneo lake ni ekari 18,000. Katika karne hii ya ishirini na moja wanaume, wengi wao weusi, wamekuwa wakipelekwa kulima na kuvuna kwa mikono katika mashamba yale yale, walinzi wenye silaha wakiwasimamia juu ya farasi, kwa malipo ya senti chache kwa saa au bila malipo. Mwaka 2023 wafungwa hao walifungua kesi mahakamani. Katika Texas na Georgia kazi nyingi za wafungwa hazilipwi hata senti moja, na anayekataa kufanya kazi huweza kuadhibiwa.

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Watu weusi wa Marekani walipigania upya haki ya kura, wakaipata kwa damu mwaka 1965. Tangu hapo wamechagua mameya katika miji mikubwa, na wabunge wengi. Barack Obama, mwana wa baba aliyetoka katika nchi yetu, alikuwa rais tangu mwaka 2009 hadi 2017. Neno "isipokuwa" lilikuwapo alipoingia, na lilikuwapo alipotoka. Hatulisemi hili kwa kumlaumu. Rais wa Marekani hana mamlaka ya kubadili katiba. Kuibadili kwahitaji theluthi mbili ya kila baraza la bunge, kisha robo tatu ya majimbo, yaani majimbo 38 kati ya 50. Mwaka 2020 pendekezo la kulifuta neno hilo liliwasilishwa na Seneta Jeff Merkley pamoja na mbunge mweusi William Lacy Clay. Halikupita. Mtu anaweza kukalia kiti kikubwa kuliko vyote, na sheria iliyo chini ya kiti isimsikie.

Kuna mpaka wa pili wa madaraka, nao ni hesabu ya kura. Majimbo mengi humnyima mfungwa kura, na mengine humnyima hata baada ya kutoka. Lakini kwa miongo mingi mfungwa huyo huyo amehesabiwa katika sensa kuwa mkazi wa mahali gereza lilipo, si mahali alikotoka. Basi wilaya ya mashambani yenye gereza huongezewa uzito bungeni kwa miili ya watu wasioweza kumchagua mbunge wake, na mtaa wa mjini walikotoka hupunguziwa. Kwa hukumu moja mtu amepoteza jasho lake na kura yake, na uzito wake umehamishiwa kwa wengine.

Mpaka wa tatu ni mchungu zaidi kuutaja. Viongozi weusi nao wameshiriki kujaza magereza. Sheria kali ya jinai ya mwaka 1994 iliungwa mkono na wengi wa wabunge weusi. Watu wao walikuwa wakiuawa mitaani, dawa za kulevya zilikuwa zikiangamiza vijana, na wazee wa makanisa walikuwa wakilia wasaidiwe. Waliomba polisi, shule, kazi na matibabu, na kilichofika kwa wingi kilikuwa gereza. Kufanana ngozi na mwenye kiti si dhamana ya haki, ikiwa kiti chenyewe kina dawa moja tu ya kugawa.

Je, twasema mfungwa asifanye kazi? Hatusemi hivyo. Kazi humpa mtu ujuzi na heshima, na wafungwa wengi huitaka. Mkataba wa kimataifa wa kazi ya shuruti wa mwaka 1930 hauikatazi kazi itokanayo na hukumu ya mahakama, mradi iwe chini ya usimamizi wa serikali na mfungwa asitolewe kwa watu binafsi au makampuni. Tunalouliza ni: nani anafaidika? Analipwa nini? Akikataa, anafanywa nini? Na kabla ya hayo yote, alihukumiwa kwa haki? Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nchini Marekani kwenyewe kuna walioanza kulifuta neno hilo katika katiba za majimbo. Colorado ilifanya hivyo mwaka 2018, Utah na Nebraska mwaka 2020, kisha Alabama, Oregon, Tennessee na Vermont mwaka 2022, na Nevada mwaka 2024. Tuwashukuru waliozunguka nyumba kwa nyumba kuifikisha hoja hiyo. Lakini mwaka 2022 Louisiana ilikataa, baada ya maneno ya pendekezo kuvurugwa hata mtungaji wake mwenyewe akawaomba watu wasilipitishe. Mwaka 2024 wapiga kura wa California, jimbo linalosifiwa kwa siasa za maendeleo, nao walikataa. Na huko Colorado, miaka minne baada ya ushindi, wafungwa walilazimika kwenda mahakamani kudai kwamba bado wanashurutishwa. Maneno ya katiba hayajitekelezi yenyewe.

Ndugu zetu, habari hii si ngeni kwetu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliozuiliwa bila kesi walipigwa hadi kufa kwa sababu walikataa kufanya kazi ya shuruti. Serikali ya kikoloni ilidai kwanza kwamba wamekufa kwa maji waliyokunywa. Tulipopata uhuru, bendera ilibadilika, lakini sheria nyingi za mkoloni zilibaki mezani. Kifungu cha 2A kilifutwa mwaka 1991, tukapiga kura ya vyama vingi mwaka 1992, na bado Sheria ya Machifu, iliyompa chifu uwezo wa kuwalazimisha watu kazi, ilisubiri hadi mwaka 1997 ndipo ikarekebishwa. Ruhusa ya kuwa na vyama vingi ilitangulia, na fimbo ya chifu ikabaki miaka sita mingine.

Leo tunayo katiba ya mwaka 2010. Ibara yake ya 30 inakataza utumwa na kazi ya shuruti, na ndani ya ibara hiyo hamna lile neno "isipokuwa", ambalo katiba yetu ya zamani ilikuwa nalo katika kifungu cha 73. Mwaka 2017 wafungwa wetu walipiga kura ya urais. Katika mambo haya mawili tumewatangulia Wamarekani, na si haba. Basi tusiiache karatasi izeeke bure. Makanisa yenye wahudumu wanaoingia magerezani yaulize wafungwa wanafanya kazi gani, kwa ajili ya nani, kwa malipo gani, na wangapi wamo humo kwa kukosa faini tu. Wapigania mageuzi wasimwulize mgombea chama chake na kabila lake peke yake. Wamwulize ni sheria gani atakayoifuta, na kwa kura za nani.

Katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 34, tunasoma habari za mfalme Sedekia aliyetangaza uhuru kwa watumwa wote, na wakuu wakakubali. Muda si muda, wakuu wale wale wakawarudisha watumwa wao. Nabii hakuwakemea kwa kukosa tangazo. Tangazo lilikuwapo. Aliwakemea kwa kulivunja.