Kabla ya Kununua Rojo la Nakshi
Maelezo kwa wanunuzi na watengenezaji wa kadi za karatasi ya mkono, Ifakara



Mara nyingi tunapokutana nanyi huzungumzia mizani ya mpunga, mbegu na mafuta ya kupikia. Leo tumekuja na jambo ambalo wengine wataliona dogo: kopo la rojo linalotumiwa kuinua nakshi juu ya kadi na majalada ya karatasi iliyotengenezwa kwa mkono. Tumelichagua kwa sababu malalamiko yanayohusu vitu vidogo ndiyo yanayonyamaziwa, na hasara inayonyamaziwa hurudiwa.

Mji huu umezoea kazi za mikono, kuanzia mikeka hadi vitambaa vya kufumwa. Kazi ya karatasi nayo haihitaji mali ghafi ya kutoka mbali. Mabua ya mpunga yanayobaki shambani, makapi ya miwa na magome ya migomba yote yana nyuzi zinazoweza kulowekwa, kuchemshwa, kutwangwa na kutandazwa juu ya chekeche hadi zikawa karatasi. Jirani zetu wa Iringa, katika kituo cha Neema Crafts kilichoanzishwa mwaka 2003, wamejulikana kwa kutengeneza karatasi hata kwa kinyesi cha tembo. Karatasi, basi, mtu anaweza kuipata kwa jasho lake. Fedha hutoka mfukoni anapotaka kuipamba.

Mapambo tunayoyazungumzia hufanywa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni stensili, yaani kiolezo kilichokatwa matundu yenye umbo la ua, la jani, la mnana, au la sheshe wa bonde letu. Cha pili ni rojo zito linalopakwa juu ya matundu hayo kwa kisu butu. Stensili ikiinuliwa, umbo hubaki limesimama juu ya karatasi, na likikauka huwa gumu, hata kipofu anaweza kulisoma kwa kidole.

Mama mmoja na kadi zake 120

Mama mmoja wa bonde hili alipokea kazi ya kutengeneza kadi 120 za mwaliko wa harusi iliyopangwa kufanyika baada ya Pasaka. Karatasi alitengeneza mwenyewe. Rojo alinunua dukani, likiwa limepakuliwa kutoka chombo kikubwa na kutiwa katika kopo lililokuwa la mafuta ya kupaka. Kopo halikuwa na jina la mtengenezaji, wala kipimo, wala tarehe, wala neno lolote juu ya kilichomo. Muuzaji alimhakikishia kwamba lingetosha kadi zote. Hakupewa risiti, naye hakuidai.

Lilipofika nusu aliona halitatosha. Akaongeza maji, kisha akaongeza unga wa ngano ili lirudie uzito wake. Ilikuwa masika. Kadi zilipokauka kwa juu alizifunga kwa mafungu ndani ya mifuko ya plastiki. Siku ya kuzikabidhi, nakshi za kadi nyingi zilikuwa zimepasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi, na nyingine zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Wenye harusi walikataa kulipa, na walikuwa na haki. Mama yule alipoteza fedha ya rojo, kazi ya wiki kadhaa na, kama alivyotuambia mwenyewe, jina lake.

Alipotufikia, tulimsikiliza, lakini hatukuweza kumfikisha mbali. Hapakuwa na risiti ya kuthibitisha mauzo, na hapakuwa na maandishi ya kulinganisha na ahadi ya muuzaji. Kwa hiyo maelezo yetu yote leo yana shabaha moja: mlaji ajue kilichomo ndani ya kopo kabla ya kutoa fedha yake, na awe na karatasi ya kuonyesha alichonunua.

Kilichomo ndani ya kopo

Rojo la nakshi si dawa ya siri. Kwa kawaida ni unga mweupe wa madini, hasa wa jamii ya chokaa isiyounguza kama ile ya chaki, uliochanganywa na gundi ya maji. Ndani yake hutiwa pia dawa kidogo ya kuzuia kuoza. Unga hulipa unene, gundi hulishikamanisha, na maji huliwezesha kupakika. Maji yakiondoka, rojo hupungua ujazo. Ndiyo maana kila tone la maji linaloongezwa huongeza uwezekano wa kupasuka: rojo lenye maji mengi hujikunja zaidi likikauka, na gundi iliyobaki haitoshi kulishika.

Unga wa ngano au wa muhogo una hatari nyingine. Ni chakula. Katika unyevu wa masika hulisha ukungu, na ukiwa kabatini huwaita mende na panya. Haufai kwa nakshi inayotakiwa kudumu.

Kiasi kinachohitajika

Muuzaji akisema "litatosha", mlaji ana njia ya kupima neno hilo. Tuseme stensili ina upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 8. Eneo lake ni sentimita za mraba 40. Ikiwa nusu ya eneo hilo ni matundu, rojo litafunika sentimita za mraba 20. Unene wa milimita 1 ni sehemu ya kumi ya sentimita, hivyo kila kadi itakula mililita 2, bila kuhesabu linalobaki kwenye kisu na kwenye stensili yenyewe. Kadi 120 zinahitaji mililita 240. Kopo la mama yule, tulipolipima kwa maji, lilijaa kwa mililita 150. Lisingeweza kuzidi kadi 75, hata kwa mkono wa fundi hodari.

Hesabu hiyo hiyo hutumika kulinganisha bei. Kopo la mililita 150 likiuzwa kwa shilingi 15,000, kila mililita ni shilingi 100, na kila kadi hubeba rojo la shilingi 200. Kopo dogo linaloonekana rahisi linaweza kuwa ghali kuliko kubwa. Lakini hesabu hii haiwezekani pasipo kipimo kuandikwa. Kopo lisilo na kipimo linakunyima hata haki ya kulinganisha.

Njia za kupunguza gharama

Si wajibu wetu kuwazuia wananchi kununua rojo la dukani. Likiwa na maelezo kamili, lina manufaa yake. Lakini mnunuzi mwenye njia nyingine hashikwi shingo na bei.

Njia ya kwanza ni kulichanganya nyumbani. Chukua sehemu moja ya gundi nyeupe ya mbao, kisha uongeze unga wa chaki uliochekechwa, kidogo kidogo, hadi ufikie kama sehemu mbili, au hadi rojo lisimame juu ya kijiko bila kudondoka. Funika pua na mdomo kwa kitambaa unapochekecha, kwa kuwa vumbi lolote laini halifai kuvutwa. Usitumie saruji wala chokaa ya kujengea, maana huunguza ngozi na macho. Chombo utakachochanganyia kisirudi jikoni.

Njia ya pili haihitaji rojo kabisa. Weka stensili chini ya karatasi yenye unyevu kidogo, kisha ukandamize taratibu kwa mgongo wa kijiko kufuata kingo za matundu. Karatasi ya mkono hupokea umbo hilo vizuri na hulihifadhi ikikauka. Kwa kadi nyingi za kawaida njia hii inatosha, na gharama yake ni muda.

Stensili nayo yaweza kukatwa nyumbani kwa kisu chembamba katika jalada la plastiki la faili. Kumbukeni kwamba unene wa plastiki ndio unaoamua kimo cha nakshi. Wako wanaotumia filamu za eksirei zilizokwisha kutumika. Tunawaomba waziache: mara nyingi filamu hizo hubeba jina la mgonjwa na hali ya mwili wake, na siri ya mgonjwa si kitu cha kuuzwa sokoni.

Usalama wa watoto

Kadi huishia mikononi mwa watoto, na cha mikononi mwa mtoto hufika mdomoni. Hivyo rangi inayotiwa ndani ya rojo ni jambo la afya. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za manjano, nyekundu na kijani zilizokolea, zimewahi kutengenezwa kwa madini ya risasi katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, hasa ubongo wao. Tumieni rangi za maji zenye maelezo ya kilichomo. Masalia ya rangi ya mlango au ya geti yasitiwe katika kazi ya karatasi. Na kopo likinuka thina au petroli, hilo si rojo la maji, hata kama muuzaji anasema ndilo.

Jaribio la siku moja

Kabla ya kuanza kazi ya malipo, pakeni rojo kwenye kipande kimoja cha karatasi ile ile. Karatasi ya mkono hunywa maji haraka, na mara nyingi hujikunja. Ipakeni kwanza gundi nyepesi iliyoongezwa maji, muiache ikauke, ndipo muweke nakshi. Stensili iinuliwe mara moja na kuoshwa kabla rojo halijagandamana nayo. Subirini siku nzima, na wakati wa masika siku mbili. Kisha pindeni karatasi kidogo: nakshi ikipasuka, rojo lina unga mwingi, maji mengi, au limepakwa nene mno. Lisugueni kwa kidole kikavu: likiacha unga mweupe, gundi ni haba. Msifunge kadi ndani ya plastiki kabla nakshi haijakauka hadi ndani. Uso mkavu hudanganya.

Haki ya mnunuzi

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Inaweka pia masharti yaliyomo ndani ya mauzo hata kama hayakuandikwa: bidhaa ilingane na maelezo yake, ilingane na sampuli iliyoonyeshwa, na ifae kwa matumizi ambayo mnunuzi amemweleza muuzaji. Kibao cha ukutani kisemacho "mali ikishauzwa hairudishwi" hakiufuti wajibu huo. Kwa hiyo semeni mnachotaka kufanya. Mkisema, "Nataka rojo la kadi 120 za karatasi ya mkono," mmeweka sharti. Mkinyamaza, mmebaki na matumaini.

Malalamiko ya upotoshaji hupelekwa Tume ya Ushindani. Ya ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, na ya kipimo pungufu kwa Wakala wa Vipimo. Kila mahali mtaulizwa mambo mawili: risiti iko wapi, na bidhaa yenyewe iko wapi. Msitupe kopo lililowaudhi.

Wajibu una pande mbili. Wewe unayetengeneza kadi ni mnunuzi asubuhi na muuzaji jioni. Unayotaka kwa mwenye duka, mteja wako anayataka kwako. Mwambie karatasi yako ni ya nini, nakshi imetengenezwa kwa nini, na usiite kazi ya mkono kile kilichotoka mashineni.

Mama yule ameanza tena. Sasa kila anunuapo huomba risiti, na kwa kadi zake nyingi hutumia mgongo wa kijiko. Alituomba tuwaeleze wenzake yaliyompata, ili wasijifunze kwa bei aliyolipa yeye. Tumetimiza ombi lake.

Ya kukumbuka: soma maandishi ya kopo, pima kiasi kabla ya kununua, taja matumizi yako, jaribu kwenye kipande kimoja, dai risiti na uitunze.