Mahame na Magofu ya Unguja

Enyi wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuwachukua safari fupi katika kisiwa cha Unguja. Hatuendi sokoni wala hatuendi kuchuma karafuu. Twaenda kutazama mahali ambapo watu wengi hawapendi kupapita jua likisha kuchwa.

Kila aliyelelewa Unguja alionywa utotoni: usipite penye gofu usiku, usisimame chini ya mbuyu wakati wa magharibi, wala usiitike ukiitwa na sauti usiyoijua. Nasi tulionywa vivyo hivyo. Hata siku moja tukaafikiana watu wanne, tukakodi gari, tukatoka mjini asubuhi ili tuyaone kwa macho yale tuliyokuwa tukiyasikia kwa masikio tu.

Tulianza Maruhubi, kaskazini ya mji, kando ya bahari. Jumba lile alilijenga Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, nalo likateketea kwa moto mwaka 1899. Zimebaki nguzo nene za mawe zilizokuwa zikichukua roshani ya mbao, na hamamu yake. Tulipokuwa tukitembea kati ya nguzo tukasikia mkwaruzo nyuma yetu, na mmoja wetu akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Tulipogeuka tuliona kuti kavu la mnazi likijikuna ukutani kwa upepo. Tulicheka sana, lakini twakiri kwamba kabla ya kucheka tuliogopa sote.

Mbele kidogo ni Mtoni, alikokaa Seyyid Said bin Sultan. Hapo ndipo alipozaliwa binti yake, Seyyida Salme, mwaka 1844. Alipokuwa Ulaya aliandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1886, akaeleza jinsi jumba lile lilivyojaa watu wapatao elfu, na tausi na paa wakizunguka uani. Leo ukisimama uani hapo wasikia mawimbi na ndege tu. Basi tukafahamu kwamba hame halitishi kwa sababu ya pepo peke yake. Latisha kwa kuwa latuonyesha jinsi makelele ya watu elfu yanavyoweza kunyamaza kabisa.

Kutoka hapo tulikwenda Mangapwani. Huko mna chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe, chini ya ardhi, chenye ngazi ya kuteremkia. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko lao la mjini likafungwa. Lakini wenye tamaa waliendelea kwa siri, na chumba kile kikawa mahali pa kuwaficha watu hata chombo kipatikane usiku. Tuliteremka. Joto lilitubana, nasi tulikuwa wanne tu, tena tulijua kwamba tutatoka. Hapana aliyecheka huko.

Siku ya pili tukaenda Dunga, katikati ya kisiwa. Hapo palikuwa na jumba la Mwinyi Mkuu, Muhammad bin Ahmed, lililojengwa baina ya mwaka 1846 na 1856. Alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmed alipofariki mwaka 1873 enzi ile ikaisha. Yasemwa kwamba watumwa waliuawa ili damu yao ichanganywe na chokaa, kuta zipate nguvu. Na tena kwamba mifupa ya watu ilionekana kisimani. Ndiyo sababu watu walipaogopa siku nyingi.

Tulimkuta mzee mmoja akipumzika kivulini. Tukamwamkia, kisha mmoja wetu akasema, kwa ujana wake, "Babu, mambo ya mizimu haya ni upuuzi, sivyo?"

Mzee akanyamaza kidogo, akajibu, "Mjukuu wangu, zamani watu waliogopa, na hapana aliyeng'oa jiwe hata moja. Hofu ikiondoka, kuta zitalindwa na nani?"

Swali lile lilitushinda kujibu pale pale, nalo tukarudi nalo mjini. Huko Forodhani lasimama Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883. Nalo lina hadithi yake, kwamba watumwa walizikwa chini ya nguzo zake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, na watu wawili wakafa. Hapana pepo aliyeliangusha, ni uchakavu. Kumbe hadithi ya kutisha yaweza kumzuia mwizi wa mawe, lakini haiwezi kuzuia mvua, wala haizibi ufa.

Basi, wasikilizaji wetu, jawabu letu kwa mzee yule ni hili. Hofu ililinda magofu, lakini ililinda kwa kutufukuza. Tulipokuwa tukikimbia vizuka, hatukuuliza ni nani waliofungwa Mangapwani, wala ni mikono ya nani iliyobeba mawe ya Dunga. Watu wale hawakuwa mizimu. Walikuwa na mama zao na majina yao. Mlinzi aliye bora kuliko hofu ni heshima, na heshima huzaliwa na kujua.

Kwa hiyo twawaomba wanafunzi: nendeni mkayatazame magofu yaliyo karibu nanyi, mchana, pamoja na mwalimu. Waulizeni wazee, muandike wasemayo kabla hawajaondoka. Msichukue jiwe, wala msichore jina ukutani. Na ikiwa mtasikia mkwaruzo nyuma yenu, geukeni kwanza mtazame; huenda ni kuti tu.

Kwaherini.