Kupima Ghala la Kumbukumbu



Mkulima wa Nyamwaga au Mugumu hukagua ghala lake kabla ya mavuno. Ofisi za umma nazo zina ghala: diski za kompyuta kuu, yaani seva, ambamo watumishi huhifadhi barua, ramani za viwanja na mihtasari ya vikao. Diski ikijaa, faili jipya halihifadhiki, na mwananchi aliyefuata hati yake hurudi mikono mitupu.

Kinga yake ni programu fupi ya amri. Usiku, ofisi zikiwa zimefungwa, programu hiyo hupitia kabrasha moja baada ya jingine, hujumlisha ukubwa wa mafaili ya kila mtumishi, na asubuhi hutoa orodha inayoanza na aliyetumia nafasi kubwa zaidi. Hupima ukubwa tu, haisomi yaliyoandikwa.

Orodha hiyo si kibali cha kufuta. Nakala zilizojirudia na picha binafsi zaweza kuondolewa, lakini kumbukumbu za umma hulindwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002. Nafasi ikiendelea kukosekana, jibu ni kuongeza diski, si kutupa hati ya mwananchi.